Mbu, Kunguru na Wajibu wa Kuwa Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo, tunavyoviona na tusivyoviona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Katika Suratul Baqara, aya ya 26, Mola wetu ametujulisha kuwa Yeye haoni haya kupiga mfano hata wa mbu na kilicho zaidi ya mbu. Wafasiri wanatueleza kuwa walikuwepo watu walioikejeli Qur'ani waliposikia inataja nzi na buibui. Wakaona vidudu hivyo ni duni mno kutajwa na Mungu mtukufu. Aya ikawajibu, na ikawagawa wasikilizaji makundi mawili. Walioamini walijua kuwa ni haki itokayo kwa Mola wao. Waliokufuru walibaki kuuliza: Mwenyezi Mungu amekusudia nini kwa mfano huu?

Sisi tunasema tumo katika kundi la kwanza. Basi tujiulize: mbu ametufundisha nini?

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya wakati tulio nao. Mwezi wa Agosti unamalizika. Huku kwetu Uganda mvua za msimu wa pili zinaanza. Huko Marekani na Ulaya majira ya joto yanakaribia kwisha, na hizi ndizo wiki ambazo idara zao za afya haziachi kuhesabu mbu. Na ugonjwa unaowatia hofu kuliko mingine ya mbu huko Marekani umepewa jina la sehemu ya nchi yetu: virusi vya West Nile.

Kutoka Omogo hadi New York

Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Ndiyo ambayo leo tunaijua kama Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1937 watafiti wake walikuwa wakizunguka wilaya ya West Nile wakitafuta homa ya manjano. Katika sehemu iitwayo Omogo walichukua damu ya mwanamke mmoja aliyekuwa na homa. Ndani ya damu ile hawakukuta walichokitafuta. Walikuta virusi ambavyo elimu ilikuwa haijavijua, wakaviita kwa jina la wilaya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1947, taasisi hiyohiyo ilimweka nyani katika kizimba msituni Zika, karibu na Entebbe, ili awe mlinzi wa kuonyesha homa ya manjano iko wapi. Kwa mlinzi huyo vikapatikana virusi vya Zika. Kwa hiyo kijana wa Arua, Yumbe au Koboko anaposikia majina haya yakitajwa duniani asidhani ni habari za watu wa mbali.

Kwa miaka mingi virusi vya West Nile vilionekana Afrika, Mashariki ya Kati na sehemu za Ulaya, na wengi hawakuvishughulikia sana. Na kweli, watu wanne katika kila watano wanaoambukizwa hawahisi kitu chochote. Wengine hupata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Lakini mtu mmoja katika kila watu 150 hivi hupatwa na ugonjwa mkali wa ubongo au wa uti wa mgongo, na wazee ndio walio hatarini zaidi. Binadamu hawana chanjo yake mpaka leo, wala dawa inayoviua virusi hivyo mwilini.

Mwaka 1999 vikatokea New York. Ulikuwa mwaka wa joto kali na ukame. Tarehe 23 Agosti daktari mmoja, Deborah Asnis, aliyekuwa akitibu katika hospitali ya mtaa wa Queens, alipiga simu idara ya afya ya jiji. Alikuwa na wagonjwa wazee wawili wenye homa, waliochanganyikiwa akili na kulegea misuli, na hakuridhika na maelezo yaliyopo. Wachunguzi walipokuja wakakuta wagonjwa wengine. Vipimo vya mwanzo vikaonyesha ugonjwa mwingine wa mbu unaojulikana Marekani, na jiji likatangaza hivyo.

Lakini wakati huohuo kunguru walikuwa wakianguka na kufa katika mitaa ileile.

Kunguru mwalimu

Ndugu zangu, tunaisoma katika Suratul Maida, aya ya 31, habari ya mtoto wa Adam aliyemuua ndugu yake asijue la kuufanyia mwili wake. Mwenyezi Mungu akamtuma kunguru afukue ardhi ili amwonyeshe. Yule mtu akajilaumu kwa kushindwa hata kuwa kama kunguru. Tangu mwanzo wa historia yetu, mwanadamu amefundishwa na ndege huyu mweusi ambaye hatumpendi, anayetuibia nyama jikoni.

New York kunguru walifundisha tena. Walikuwa wakifa tangu kabla wagonjwa hawajajaa hospitali, na waliowashughulikia walikuwa wachache. Katika bustani ya wanyama ya Bronx alikuwepo daktari wa wanyama, Tracey McNamara, aliyekuwa akipasua mizoga ya ndege ili kujua sababu ya vifo. Aliona ubongo wa ndege wale umeharibika, na akasema jambo moja la wazi: ugonjwa uliotangazwa na jiji hauui ndege, hawa wanakufa, basi tangazo lina kasoro. Waliomsikiliza mwanzoni hawakuwa wengi, kwa sababu yeye alikuwa daktari wa wanyama na suala lilikuwa la watu. Hakunyamaza. Alipeleka vipande vya mizoga kwenye maabara nyingine, hata ya jeshi. Mwishoni mwa Septemba ikathibitika kuwa ndege na watu waliuawa na kitu kimoja, nacho ni virusi vya West Nile. Mwaka ule katika eneo la New York watu 62 walihesabiwa kuwa wagonjwa na 7 walifariki.

Kuna mazingatio mawili hapa. La kwanza, ishara ilitangulia msiba. Mola wetu hakuwaacha watu wale bila ya onyo. Walikosa tu macho ya kulisoma. La pili, aliyelisoma onyo ni mtu aliyeijua kazi yake vizuri na akawa na ujasiri wa kusema alichokiona. Wewe unayesomea utabibu wa mifugo, takwimu, jiografia au maabara, na unadhani somo lako halina nafasi katika dini, lizingatie hili.

Kwa nini mwisho wa joto?

Baada ya mwaka ule Wamarekani walianza kufuatilia mbu kwa mpango. Yafaa tujue wanavyofanya, kwani ndani yake mna sunna za Mwenyezi Mungu katika maumbile.

Virusi hivi makazi yake ni ndege. Mbu aina ya Kuleksi humuuma ndege mwenye virusi, kisha humuuma ndege mwingine, na mzunguko unaendelea tangu majira ya kuchipua. Kila kizazi cha mbu huongeza juu ya kilichotangulia. Joto linapozidi, kiluwiluwi hukua upesi na virusi hukomaa haraka ndani ya mbu, hivyo mbu huanza kuambukiza angali na siku nyingi za kuishi. Baada ya ndege kumaliza kulea makinda, baadhi yao hutawanyika, na mbu waliokuwa wakiwategemea huwageukia watu. Ndiyo maana wagonjwa huongezeka Agosti na Septemba, wakati watu wanadhani majira yamekwisha.

Mvua nayo ina hukumu yake. Wengi wetu tunafikiri mvua nyingi ndiyo mbu wengi, na ukame ni salama. Kwa Kuleksi wa mijini si lazima iwe hivyo. Mvua kubwa husafisha mifereji na kuwasomba viluwiluwi. Ukame huacha maji machache yaliyooza chini ya mifereji, na hayo ndiyo wanayoyapenda. Tena ndege wenye kiu hukusanyika kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki, pamoja na mbu.

Wanaofuatilia hutega mitego usiku. Mingine huvuta mbu kwa taa na hewa ya ukaa, ambayo kwa mbu ni kama pumzi ya kiumbe hai. Mingine huwekwa maji machafu ili kuwavuta majike wanaotafuta pa kutaga. Asubuhi mbu huhesabiwa, hutengwa kwa aina, husagwa kwa mafungu na kupimwa. Sehemu nyingine hufugwa kuku katika vizimba vya nje, wakatolewa damu mara kwa mara. Kuku huyo hauguli, lakini damu yake hueleza kuwa virusi vimepita hapo. Kisha hesabu hizo huwekwa pamoja na vipimo vya joto na mvua.

Faida yake ilionekana mwaka 2012. Baada ya baridi hafifu isiyoua mbu wengi, Marekani ilipata wagonjwa 5,674, na 286 kati yao walifariki. Eneo la Dallas liliathirika vibaya. Waliozipitia hesabu baadaye waligundua kuwa mbu wenye virusi walianza kuongezeka katika mitego wiki moja au mbili kabla wagonjwa hawajaongezeka. Wiki moja au mbili! Katika muda huo mzee anaweza kuambiwa asikae nje jioni, mtaro ukazibuliwa, dawa ikanyunyizwa. Muda huo ni neema, na neema tutaulizwa tuliitumiaje.

Kutoka kadari kwenda kadari

Najua yupo ndugu atakayesema: Sheikh, halitupati ila alilotuandikia Mwenyezi Mungu. Mitego na hesabu za nini?

Aya hiyo ni haki, nayo imo katika Suratut Tawba. Lakini tumtazame aliyeifahamu kuliko sisi. Sayyidna Umar (R.A.), katika ukhalifa wake, alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipokewa na makamanda wa jeshi, akiwemo Abu Ubaida (R.A.), wakampa habari kuwa tauni imeingia Sham. Hakuharakisha kuamua. Akawaita Muhajirina kuwataka ushauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana kwa kauli moja kuwa watu warudishwe. Akatangaza kuwa asubuhi anageuza.

Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alitamani swali lile lingetoka kwa mtu mwingine. Akajibu kuwa ndiyo, anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu aliyeteremka na ngamia wake katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine umekauka: popote atakapowalisha, si itakuwa kwa kadari ya Mwenyezi Mungu? Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo katika mashauriano, akawaambia kuwa yeye analo elimu lake juu ya jambo hili: alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza kuingia katika nchi iliyosikiwa kuwa na tauni, na kukataza kuikimbia kwa aliyemo ndani yake. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Habari ilimfikia Umar akiwa njiani, kabla ya kuingia. Ilitoka kwa watu waliokuwepo na wanaoaminika. Ikapelekwa kwa wenye rai, mara tatu. Ikakamilishwa na mtu mwenye elimu ambayo wakubwa wote wale hawakuwa nayo. Huku ndiko kufuatilia maradhi, ndugu zangu, kabla ya kuwepo mitego wala maabara. Na Abu Ubaida aliyebaki Sham na watu wake akafa kwa tauni ile hakupungukiwa, Mtume (S.A.W.) amebashiri kuwa Muislamu anayekufa kwa tauni ana daraja ya shahidi. Tawakkul ya kila mmoja wao ilikuwa na elimu ndani yake. Iliyo hatari ni ile ya mtu asiyetaka kujua, kisha akauita uvivu wake imani.

Usiku mmoja katika mwaka

Katika Sahihi ya Muslim, Jabir (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba, kwa sababu katika mwaka kuna usiku ambao waba huteremka, na haupiti kwenye chombo kisichofunikwa ila huingia. Baada ya hadithi hiyo yamenukuliwa maneno ya Laith bin Saad, mwanachuoni mkubwa wa Misri, kuwa wasiokuwa Waarabu wa kwao walikuwa wakijihadhari na jambo hilo katika mwezi ambao kwa hesabu zetu ni Desemba.

Tusiibebeshe hadithi maana isiyosema. Haikutaja virusi wala viluwiluwi, na Uislamu hauhitaji kutetewa kwa kutia chumvi. Lakini adabu mbili ziko wazi. Ya kwanza, maji yafunikwe. Ya pili, wema waliotangulia walijua kuwa mwaka una nyakati za hatari, na hawakuona aibu kuchukua uzoefu wa majirani zao juu ya kalenda.

Sisi hapa chuoni

Wenzetu wa kaskazini wana rehema moja ambayo sisi hatuna: baridi kali ikija, mbu hupungua. Kwetu mwaka mzima ni wa mbu. Tena ndege wa Afrika hawafi kwa wingi kwa virusi hivi kama walivyokufa kunguru wa New York, kwa hiyo hatuwezi kungoja ishara ileile. Na mtu wetu akipata homa husema ni malaria, akameza dawa bila kupimwa. Ni nani atakayejua kama ni kitu kingine?

Basi tuanze na yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, homa ipimwe. Kipimo kikionyesha si malaria, usiondoke zahanati kimyakimya wala usinunue dawa ya malaria njiani. Mwambie mhudumu ulikotoka, kazi ulizofanya na wanyama uliokuwa nao. Maelezo hayo ni sehemu ya kufuatilia.

Pili, maji. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Maana yake, tukimwaga maji yaliyosimama mara moja kwa wiki, tunakikata kizazi kabla hakijaruka. Na sisi Waislamu tunayo siku ya usafi ya kila wiki. Tunapojiandaa kwa josho la Ijumaa, tuzunguke hosteli na msikiti: matairi, makopo, majerikani yasiyo na vifuniko, sahani za chini ya maua, matangi, mtaro wa sehemu ya kutawadhia. Maji yanayofaa tuyamwagie miti ili yasipotee bure. Mbu aina ya Aedesi, anayebeba homa ya manjano na dengi, huzaliana katika vyombo vya namna hii na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Tatu, habari. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza ovyo, ilhali wangelirejesha kwa wenye mamlaka, wale wanaoweza kuchambua wangelijua. Ujumbe wa maradhi ukiingia kwenye simu yako, usiwe wa kwanza kuusambaza. Ukiona wanafunzi watano wa jengo moja wanaumwa homa inayofanana, basi hiyo usinyamaze nayo. Ipeleke kwa mganga wa chuo siku hiyohiyo.

Nne, elimu. Wanavyuoni wametaja utabibu miongoni mwa fardhi kifaya: wasipopatikana wa kutosha kuifanya, dhambi ni ya wote. Taasisi ya Entebbe inahitaji vijana wa kuhesabu mbu usiku, kusoma damu na kusoma mvua. Wako wapi wa kwetu?

Nawaambieni ukweli, kazi hii haina makofi. Daktari anayemponya mgonjwa hushukuriwa na familia nzima. Anayezibua mtaro wiki mbili kabla ya ugonjwa hashukuriwi na mtu, kwa sababu akifanikiwa hakuna kinachotokea. Yule mzee ambaye hakuugua hatajua kuwa kuna kijana aliyekesha na mtego kwa ajili yake. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa kero njiani ni tawi la imani, na anayeondoa kero hamjui atakayepita baada yake. Anayejua ni Mola wake, na inatosha.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuziona ishara zako kabla ya misiba, na unyenyekevu wa kufundishwa na viumbe vyako, hata mbu, hata kunguru. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia kwa homa ambazo hatukuzijua majina, na ijaalie elimu tunayoitafuta iwe yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.